Mimea Mitatu ya Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Mei 2024

Nimekataliwa! Mimi! Klabu ya wakulima wa bangi ya mji wetu imenikataa kabla haijapanda hata mbegu moja. Tangu mwezi uliopita bangi si haramu tena Ujerumani, mradi usivuke vipimo, na aliyeikimbilia wa kwanza ni nani? Wittkopp. Jirani yangu. Mstaafu wa ofisi ya kodi, mtu ambaye hajawahi kuvuta hata moshi wa mshumaa. Kazunguka mji mzima akisukuma gurudumu la kupimia ili klabu ikae mbali na chekechea. Sasa ni mwenyekiti.

Kosa langu? Kwenye fomu, penye "uzoefu", niliandika "wa kutosha, tangu 1986". Akatangaza mbele ya mkutano kwamba mwaka 1986 hilo lilikuwa kosa la jinai, na klabu yake haiwezi kuanza na mhalifu. Watu wakacheka. Ukweli ni kwamba mwaka ule nilivuta mara moja tu, nikakohoa hadi basi likaniacha. Lakini husemi hivyo mbele ya watu arobaini.

Potelea mbali. Sheria inampa kila mtu mzima mimea mitatu nyumbani kwake. Nitalima mwenyewe. Wittkopp atanusa hadi ajute.

Jumapili, 5 Mei

Mitatu ni kidogo. Nilimkumbusha Heidrun, mke wangu, kwamba na yeye ni mtu mzima. Alikuwa anamenya asparaga, hakuinua hata macho. Akasema utu uzima wake hautumiki kwa upuuzi. Ukipandwa mche kwa jina lake, ataupika.

Nikalala mchana kutafakari. Nikaamka na jibu. Mama Edeltraud! Mama yake Heidrun. Ana miaka themanini na mitatu: mtu mzima kupita kiasi. Anaishi peke yake ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, magoti hayamtii. Akihamia kwetu, akasajiliwa kwa anwani yetu, anakuja na haki zake zote. Tatu na tatu, sita!

Miaka kumi Heidrun amenisihi tumchukue mama yake. Miaka kumi nimeumwa mgongo. Leo nikasema tu, huku nakoroga kahawa: "Mke wangu, kwa nini mama asije akakaa nasi?"

Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akalia. Kumbe mimi ni mume mwema.

Ijumaa, 31 Mei

Mama amefika. Na saa yake ya kusimama, inayogonga kila robo saa. Na pipa la kabeji chachu. Chumba changu cha kujificha sasa ni chake, redio yangu iko stoo. Nyumba yake kairudisha, na tayari ina mpangaji mwingine.

Nilimpeleka mwenyewe kusajiliwa. Foleni ya saa mbili nzima. Karani alipogonga mhuri nilitamani kumbusu. Mama akanifinya mkono, macho yamemjaa machozi. "Mwanangu, nilidhani hunipendi. Miaka yote hii nimekuwazia mabaya. Nisamehe."

Nikamwambia yaliyopita si ndwele. Kitu kikanichoma kifuani. Nadhani ni kabeji.

Jumanne, 11 Juni

Miche sita imo kwenye kibanda cha vioo nyuma ya nyumba. Nimefunga kufuli, watoto wasiingie, maana sheria ni sheria. Mitatu iliyonenepa nimeibandika jina langu. Mitatu iliyokonda nimeibandika jina la Mama. Nikamdanganya kuwa ni majani ya dawa ya magoti, nimemletea ajiliwaze.

Akaniuliza kama nadhani kazaliwa jana. Nilisahau: alifanya kazi kitalu cha maua miaka thelathini na nane. Bangi anaijua kwa kuiangalia tu. Hakukasirika. Alifurahi! Akasema hakuna mkwe mwingine aliyewahi kumfikiria mkwewe kwenye starehe zake. Kisha akanifokea kwamba naimwagilia kama naoga.

Jumapili, 7 Julai

Siku ya ushindi. Na ya balaa.

Tulikuwa bustanini, kahawa na keki ya cheri. Kichwa cha Wittkopp kikachomoza juu ya ua, darubini shingoni. Jumapili! Saa za watu kupumzika!

"Jirani, nimehesabu," akasema. "Mimea sita. Mkeo kaniambia yeye hana hata mmoja. Na wewe, ukijihesabu vizuri, uko mmoja."

Nilikuwa nimeisubiri siku hii. Nikakimbia ndani, nikarudi na karatasi ya usajili, nikamwekea puani. "Soma! Watu wazima wawili, anwani moja! Tatu zangu, tatu za Mama! Haya, ongeza nyingine, bwana mahesabu!"

Akasoma mara mbili. Akavua miwani. "Kwa hiyo mama wa watu umemhamisha kwake kwa sababu ya bangi?"

"Sasa ulidhani nimemleta kwa ajili ya nini? Kabeji?"

Nikacheka. Nikacheka peke yangu. Ndani saa ikagonga robo. Nikageuka. Mama alikuwa ameshika uma hewani, kipande cha keki kikining'inia. Akauweka chini taratibu. Akapangusa mdomo. Akaingia ndani bila fimbo yake.

Hata Wittkopp aliona haya. Akasema, "Samahani sana, mama," akazama nyuma ya ua kama jua la Desemba.

Jumatatu, 8 Julai

Heidrun kaniambia maneno ambayo sitayaandika, maana daftari hili anaweza kulisoma. Mama alikuwa kwenye simu tangu asubuhi, anaulizia nafasi kwenye nyumba za wazee. Hakuna. Orodha ni miaka miwili.

Nikasimama mlangoni kwake kuomba radhi. Kwa dhati kabisa. Nikasema nimekosa, nina aibu, asiondoke. Ningeishia hapo! Nikaongeza kwamba akiondoka, mimea mitatu itageuka kosa, na Wittkopp ana darubini.

Sauti ikatoka ndani: "Bwana Ekkehard. Ile mitatu ni yangu, sivyo?"

Nikakubali.

"Basi lete ufunguo. Nabaki kwa ajili ya binti yangu. Na mimea yangu hutaigusa tena."

Jana nilikuwa "mwanangu". Leo ni Bwana Ekkehard. Sikudhani ingeniuma. Imeniuma.

Jumamosi, 27 Julai

Msiba. Mama alitoka kibandani, akasimama mbele yangu, akasema neno la kwanza baada ya siku kumi na tisa.

"Yako ni madume."

Nikauliza yapi.

"Yote matatu. Angalia hivi vifuko. Dume halitoi maua, linatoa vumbi tu. Na vumbi hilo likifika kwa majike yangu, yatajaa mbegu na hayatafaa kitu. Yang'olewe leo."

Nikaangalia. Mimea yangu, mirefu kuliko mimi, minene, mizuri. Madume matupu! Na yale yake makondefu, niliyompa kwa ubahili, yote majike. Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema sheria inanipa mitatu, haikutaja jinsia. Kisha nikaona jinsi alivyoegemea fimbo, akisubiri nimkatae.

Nikaing'oa. Yote. Mgongo umekufa ganzi. Nilipomaliza alinipa glasi ya maji. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema, akaingia ndani haraka kana kwamba neno hilo limemtoroka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mavuno ya Mama! Nyumba nzima inanuka kama paka aliyelala kwenye msonobari. Mimea ya klabu ya Wittkopp imeoza kwa ukungu, hivyo mwenyekiti alikuja kwa mlango wa mbele, tai shingoni na chokoleti mkononi, kumwomba Mama ushauri. Walikaa jikoni kwa saa mbili. Mimi niliambiwa nipeleke kahawa.

Kisha mizani ya keki. Gramu hamsini, kipimo cha mtu mzima nyumbani. Alipima hadi sindano ikatulia. Iliyozidi akaipeleka kwenye mboji. Robo tatu ya ndoo! Akaikoroga na maganda ya mayai mbele ya macho yangu. Nikamwomba hata jani moja.

"Mwanangu, ningependa," akasema, na nadhani kweli angependa. "Lakini aliyelima nyumbani haruhusiwi kumpa mtu mwingine. Muulize Bwana Wittkopp."

Wittkopp akatikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa chokoleti.

Usiku Mama kapanda ngazi bila kuguna. Nimefurahi kwa ajili yake. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu limenishangaza.

Jumapili, 6 Oktoba

Chakula cha mchana. Mama anatusimulia habari za kaka yake, Gebhard, huko Bremerhaven. Miaka sabini na tisa. Mkewe alifariki majira ya kuchipua. Anakula peke yake mbele ya televisheni, maskini.

Nikaweka uma chini. Nikasema familia ni familia, na Mjomba Gebhard asizeeke peke yake wakati sisi tupo. Heidrun akafumba macho. Mama akanitazama muda mrefu.

"Ekkehard. Unampenda kaka yangu?"

Nikasema nampenda tangu zamani. Tulionana mara moja, mazishini. Aliniita Eberhard.

Barua nimeshaiandika. Nimepima na chumba cha darini, kile chenye dirisha la kusini. Mimea mitatu inaenea vizuri kabisa. Mjomba naye anaenea, akilala kwa mshazari.