Sindano ya Bega la Kulia

Jumatatu, 1 Machi 1948

Bega la kulia bado limekakamaa. Tangu nianguke na baiskeli kwenye mteremko wa Changamwe, baada tu ya Krismasi, mkono haupandi kupita kifua. Kula naweza. Kuandika naweza, na kule ghalani ninakofanya ukarani hakuna aliyelalamika. Kuongoza kwaya ndiko siwezi. Mwalimu wa kwaya asiyeinua mkono ni kengele isiyo na ulimi.

Jana Ngumbao, msaidizi wangu, aliongoza tena. Huongoza amefumba macho. Waimbaji wa besi walimaliza wimbo kabla ya wenzao, naye asijue. Ibada ilipokwisha mchungaji akatangaza kwamba siku ya Pasaka kwaya itaongozwa na mtu ambaye mikono yake yote miwili inapanda. Papo hapo Ngumbao akainua yake, eti anajinyoosha.

Mke wangu Kafedha asema niende zahanati. Nitakwenda. Sindano moja ya nguvu, na Jumapili nipo mbele ya kwaya yangu.

Alhamisi, 4 Machi

Fedheha. Dresa wa zahanati, mwuguzi wa kufunga vidonda, ni Mzee Mwidani. Wakati wa vita aliwahudumia askari waliojeruhiwa, na mpaka leo husema na wagonjwa kama yuko gwarideni. Nilimwamkia shikamoo, nikavua shati, nikafumba macho kungoja. Sindano haikuja. Kilichokuja ni kitambaa cha maji ya moto. Kisha akanikanda kwa mafuta ya nazi, kisha akanisimamisha mbele ya ukuta kama mtoto mtukutu. Nipandishe vidole ukutani polepole, mwendo wa kaa, mpaka panapouma kidogo. Nitie alama ya mkaa. Kesho niipite. Nifanye hivyo nyumbani, asubuhi na jioni.

Nikauliza sindano ni lini. Akasema bega langu halina kitu cha kudunga, limesahau kazi tu, na likikumbushwa kila siku litarudi.

Mimi ni karani. Najua kutofautisha dawa na mchezo wa watoto. Kitambaa cha moto hata marehemu nyanya alikuwa nacho. Dawa isiyochoma si dawa.

Jumatano, 10 Machi

Nilikuwa na mpango mzuri. Alama zikipanda haraka huku mkono ukiwa vilevile, Mwidani atalazimika kukiri kuwa ukuta wake haufai kitu, na atatoa sindano. Basi kila jioni nikapanda juu ya tofali na kutia alama kwa mkono wa kushoto.

Leo Mwidani alipita nyumbani kukagua. Akaitazama alama ya juu. Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akasimama kwa vidole vya miguu, asiifikie.

"Karani," akasema, "alama hii ni ya twiga. Umepona kabisa. Sindano ya nini tena?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mara Kafedha akatokea uani kuniuliza, mbele ya mgeni, tofali la jiko lake nitalirudisha lini.

Jumamosi, 13 Machi

Nimepata mtu! Yuko Bofu, huko Likoni, anaitwa Boga, na ana sindano yake mwenyewe. Nilivuka kwa feri asubuhi, nimekumbatia jogoo, maana malipo yake ni jogoo. Boga asema alifanya kazi na madaktari wa jeshi. Jirani yake mmoja alininong'oneza kuwa alikuwa mpishi wao. Sioni ubaya. Kupika na kutibu vyote vyataka usafi.

Dawa ilikuwa maji mekundu yenye harufu ya karafuu. Nikamtolea bega. Akakataa, akasema bega ni mfupa mtupu, dawa hutiwa penye nyama, nayo itajitafutia njia. Wallahi, akasema, kabla ya Pasaka mkono utagusa dari. Nikageuka.

Imechoma vibaya sana. Hiyo ndiyo dawa.

Jumatatu, 15 Machi

Siwezi kukaa. Kazi ya leo yote nimeifanya wima. Msimamizi alidhani ni bidii, akanisifu.

Nyumbani mambo ni mabaya. Jogoo yule Kafedha alikuwa amemwekea mamake, Bi Kadzo, anayekuja kula Pasaka kwetu. Hakunifokea. Angefoka ningepumua.

"Baba Nyevu," akasema, "mama atakosa jogoo. Asikose na nyumba nzuri. Utaipaka chokaa, ndani na nje, na utapaka kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto unaacha michirizi. Kukaa si huwezi?"

Nikamkumbusha kuwa mimi ni mgonjwa. Akanipa ndoo.

Ijumaa, 19 Machi

Kila nikitoka kazini, chokaa. Nimemaliza sehemu za chini. Mkono unauma, lakini nadhani ni dawa inatembea. Nimepiga hesabu: ilianzia nyuma, sasa imefika kiunoni. Njia ni ndefu na dawa haina haraka.

Usiku Kafedha huniwekea kitambaa cha moto na kulikanda bega. Asema ni ili nisimwachie ukuta nusu. Namwacha aendelee. Haisaidii kitu, ila ni raha.

Jumanne, 23 Machi

Nimepita madirisha. Dawa imefika mbavuni.

Mzee Mwidani alipita, akaketi, akanywa maji, akanitazama nikipaka. Sindano sikumtajia, nisimvunje moyo. Alipoondoka alimwambia Kafedha kwamba mstari wa juu haukukolea, ni heri urudiwe. Kafedha akaitikia mara moja. Nimeurudia wote. Mzee yule ana kinyongo.

Ijumaa Kuu, 26 Machi

Nimerudi kutoka kanisani, nikabadili nguo, nikamalizia pale chini ya paa. Bi Kadzo anafika kesho na sehemu hiyo ilikuwa bado. Brashi ilikwama katikati. Nikasukuma. Bega likauma, kisha likaachia, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikaona mkono wangu uko juu ya kichwa changu. Chokaa ilitiririka ndani ya shati mpaka kwapani, na mimi nimesimama tu, natazama mkono. Sikuwa nimeuona huko tangu Krismasi. Machozi yalinitoka. Chokaa ni kali.

Nikamwita Kafedha. Alitazama, akacheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa leso yake.

"Imefika!" nikamwambia. "Dawa ya Boga imefika!"

Akaacha kucheka. Akaokota ndoo, akaingia ndani.

Jumapili ya Pasaka, 28 Machi

Ngumbao alikuja na glavu nyeupe. Mchungaji akatuomba sote wawili tuinue mikono. Nikainua. Kanisa zima likaguna, na Ngumbao akavua glavu moja moja, polepole. Tuliimba vizuri sana. Besi walimaliza pamoja na wenzao. Bi Kadzo alikula samaki na kuisifu nyumba.

Jioni nilikutana na Mzee Mwidani njiani. Nikamweleza kwa heshima, bila kujivuna, kwamba sindano ndiyo iliyoniponya. Akauliza ni nani aliyepaka chokaa ile. Nikasema ni mimi.

"Basi endelea kupaka," akasema, akaenda zake.

Nampenda yule mzee, lakini umri umeanza kumchanganya.

Jumatatu, 29 Machi

Kafedha asema bado jiko na choo havijapakwa. Nimemweleza kitaalamu kwamba haiwezekani. Bega sasa limejaa dawa, na kulitikisa ni kuimwaga. Hakunielewa. Akaenda jikoni, nikasikia anaongea na sufuria.

Bega nimelifunga kifuani kwa kitambaa, barabara, lisisogee hata kidogo mpaka Pentekoste. Nataka siku hiyo liwe na nguvu zake zote. Kwa sasa Ngumbao ataongoza kwaya. Nimemwambia asizoee.