Sidre ya Saio na Glasi ya Kwanza

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimeanza! Binamu yangu Bruno amerudi hapa kwetu Saio kutoka Kampala na chupa moja ya sidre, ile pombe ya Wafaransa ya matufaha, haya tunayoyaita pome. Safi kabisa, inang'aa, unaona mpaka upande wa pili. Tukanywa, lakini vidole viwili vya mwisho nikavizuia kwa mkono. Bruno akauliza kama nimelogwa. Hajui kitu, maskini.

Mpango ni huu. Chini ya chupa mna chachu hai. Unailisha maji ya matunda na sukari, inazaana, halafu unapata sidre bidon nzima, lile dumu la maji. Nimeona kwenye telefone. Mama mmoja Mfaransa alieleza vizuri sana. Alikuwa anasema kwamba jambo kubwa kuliko yote ni kuchagua chupa yenye... mega za intaneti zikaisha. Haidhuru. Mtu mwenye akili humalizia mwenyewe.

Lazima nifaulu. Tarehe 23 wakwe wa Estelle, mtoto wa dada yangu, wanakuja kutoka Nyankunde na mahari. Kwetu mjomba ndiye anayemimina glasi ya kwanza. Mwaka jana, kwa mahari ya dada yake mkubwa, nilimimina divai yangu ya maracuja, yaani pasheni. Mzee mmoja alitoka nje na hakurudi mpaka chakula. Dada Elisabeth ameapa kwamba nikiharibu tena, glasi anapewa Fulgence. Fulgence! Jirani! Mpika kasiksi, pombe ya ndizi ambayo kila mtu anaijua! Mjomba kunyang'anywa glasi na jirani? Heri nihamie Niania, huko msituni.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimechemsha maji ya nanasi, nikayapoza, nikayatia kwenye chupa. Nikafunika kwa kitambaa changu cha kanisani. Chachu nimeipa jina: Madame.

Madame anahitaji joto. Nimemweka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, mahali ambapo mke wangu Gentille huweka ndoo ya unga wa mandazi. Gentille hakufurahi. Ana namna yake ya kuumua unga, sijawahi kuuliza. Tumepatana: ndoo kushoto, Madame kulia.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna povu. Hata tone. Nimetikisa. Nimebembeleza. Nimemwimbia wimbo wa kwaya, sauti ya pili.

Fulgence alichungulia juu ya ua, na kofia yake, akauliza kama hiyo ni dawa ya ng'ombe. Nyuma yake kasiksi yake ilikuwa inatoa povu bila aibu. Nikamjibu kwamba wageni kutoka Ulaya huchelewa kuamka.

Gentille akaitazama chupa, akasema: “Papa Dady, hii kitu ilikufa zamani.” Nikamwambia aangalie ndoo yake. Lakini moyoni niliumia kweli. Niliiona glasi ikienda mkononi mwa Fulgence. Sikula chochote.

Alhamisi, 7 Agosti

AMEAMKA! Povu mpaka shingoni! Kitambaa cha kanisani kimelowa! Nimecheza uwanja mzima, na Gentille alicheka mpaka akafunika mdomo. Ni furaha ya mke mwenye mume wa maana.

Harufu ni ya ndizi kidogo, na ya mandazi. Nadhani ndivyo Ufaransa inavyonuka.

Ijumaa, 8 Agosti

Sokoni pome zinatoka Uganda na kwa bei zinajiona sana. Nimenunua sita. Kwa kujazia nimechukua mananasi ishirini. Pome ni za jina.

Gentille amemenya mananasi kumi na tisa. Mimi nilisimamia. Madame ameingia kwenye bidon ya njano na kuanza kazi saa ile ile.

Alhamisi, 14 Agosti

Nilikuwa nimeificha bidon sebuleni na kukaza kifuniko kwa nguvu zote, Fulgence asiibe hata harufu. Leo mchana kikundi cha sala kilikuwa humo humo sebuleni. Mama Dorcas, kiongozi wao, alikuwa ameinua mikono akiomba ishara. Kifuniko kikaruka! Kikagonga bati! Povu likashuka juu ya vichwa vya waumini saba. Mama Dorcas akalamba mdomo, akasema ishara ni tamu.

Gentille ameondoa kifuniko, amefunga kitambaa. Nilikuwa naelekea kufanya hivyo.

Jumamosi, 23 Agosti

Siku yenyewe. Wakwe wamefika kumi na wanne. Elisabeth alisimama karibu na bidon ya kasiksi ya Fulgence, tayari kabisa. Nikamimina. Muzee Antoine, mkubwa wao, akapokea, akanywa, akaiweka mdomoni muda mrefu. Estelle aliangalia viatu vyake.

Muzee akameza. Akanyoosha glasi tena. Akasema: “Mujomba, ongeza. Siye tumefika kwa watu.”

Vigelegele! Elisabeth amenikumbatia mbele ya watu wote, na nimelia kidogo, sikatai. Bidon imekwisha kabla ya mbuzi wa mjomba kukabidhiwa. Hata Fulgence alikunywa glasi tatu. Nikampa chachu kidogo kwenye kichupa, na maelezo marefu kuhusu Ufaransa. Akanusa. Akamtazama Gentille. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wivu ni kitu kibaya.

Jumapili, 24 Agosti

Gentille ameniambia jambo la ajabu. Eti ile Jumatano, alipoona sikula, alinihurumia, akamimina kwenye chupa kikombe kimoja cha unga mwepesi wa ndoo yake. Na ndoo yake, eti, huiumua kwa mashapo ya kasiksi ya Fulgence. Tangu mwaka jana! Kwa hiyo, kwa maneno yake, wakwe wamekunywa chachu ya Fulgence, na Madame alikuwa marehemu tangu kiwandani, walikomchuja mpaka sidre ikang'aa.

Nimefikiri kwa utulivu. Ukweli uko wazi: Madame aliruka kutoka chupani akaingia kwenye ndoo, kisha akavuka ua akamwingia Fulgence. Ndiyo maana kasiksi yake ni nzuri. Gentille akauliza alivukaje mwaka jana, na chupa imekuja mwezi huu. Maswali ya namna hii ndiyo yanayochelewesha sayansi.

Bruno amenitumia mega kwa kunipongeza. Gentille amenisihi nimalizie ile video ya chupa. Nitamalizia. Nimeangalia kwanza nyingine ya kutengeneza fromaji, ile jibini ya wazungu. Mama wa Uswisi, anaeleza vizuri sana. Alikuwa anasema kwamba kitu kimoja usithubutu kamwe kufanya na maziwa ni... mega zikaisha.

Kesho asubuhi natafuta maziwa, lita ishirini. Gentille atahamisha ndoo.