Nilivyotangaza Vitu Visivyokuwepo

Jumatatu, 4 Novemba
Nimepita! Mtihani wa juu wa udereva, mimi Avril Stubley, niliyeacha shule nina miaka kumi na tano nikaenda kumenya viazi kiwandani. Nimewapigia watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili kakata simu.

Sasa niendelee na nini? Bwana Grummitt, polisi mstaafu, mkuu wa chama chetu cha madereva, kasema njia ziko tatu. Moja, kujifunza kuteleza makusudi kwenye uwanja wenye maji. Mgongo wangu hautaki. Mbili, mtihani wa juu zaidi ya huu wa juu. Tatu, kuwa mwangalizi: kila Jumapili unakaa kando ya mwanafunzi, unamfundisha, naye anakuhadithia maisha yake yote. Hiyo ndiyo yangu! Tangu mume wangu Royce ahamie kwa yule mama wa duka la samaki, Jumapili zangu ni mimi na redio. Lakini nafasi ni moja tu. Na Hilary Tointon anaitaka. Hilary wa gari la njano, anayepiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo.

Jumatano, 6 Novemba
Mazoezi na Bwana Grummitt. Kwetu dereva wa juu lazima atangaze barabara, kama mtangazaji wa mpira: unaendesha huku unasema kwa sauti kila unachokiona na utakachofanya. Mjini naongea kama cherehani. Lakini ile Barabara ya Mfereji! Maili nne, imenyooka kama rula. Maji kushoto, kabichi kulia, ukungu juu. Hakuna kitu. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Bwana Grummitt akaandika kwenye karatasi yake, akafunika kwa mkono.

Nimepata akili. Kama hakuna kitu, nitaweka.

Alhamisi, 7 Novemba
Imefanya kazi. Barabara ya Mfereji nikatangaza: mzee kwenye baiskeli, kofia ya sufu, kikapu cha karoti, napunguza mwendo, nampa nafasi. Bwana Grummitt akanyoosha shingo, akauliza yuko wapi. Nikamwambia ameshakata kuingia shambani. Akasema nina jicho kali. Jicho kali! Nimemsimulia mama wa posta, maana ni jirani yake Hilary.

Ijumaa, 8 Novemba
Nilikuwa nakwenda kununua soseji, saa nne asubuhi. Barabara ya Mfereji. Mzee kwenye baiskeli. Kofia ya sufu. Kikapu cha karoti.

Nikajiambia, wazee wa baiskeli wako wengi. Nikapunguza mwendo, nikampa nafasi. Nampita, naona miguu yake imetulia. Haikanyagi. Baiskeli inakwenda tu. Na baridi ile, mimi ndani ya gari pumzi yangu ni moshi mtupu. Yeye mdomo wazi, moshi hakuna.

Kutazama kioo cha nyuma, barabara tupu. Labda amekata kuingia shambani. Ndiyo. Si ndivyo nilivyosema mwenyewe?

Soseji sikununua.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimejaribu tena, nipate uhakika. Nilikwenda peke yangu nikatangaza mbwa wa kahawia, miguu mitatu. Mitatu ili nisimchanganye na mbwa wa mtu. Nikageuza gari mwisho wa barabara, nikarudi. Huyo hapo, amekaa katikati ya njia. Miguu mitatu. Habweki, hakimbii. Ananitazama kama mtu aliyeitwa akaja, sasa anasubiri aambiwe ameitiwa nini. Nikamzunguka polepole, taa ya ishara na kila kitu.

Mwingine angeacha. Lakini nikawaza: nikitangaza leo, kesho Bwana Grummitt ataviona kwa macho yake. Hataniuliza tena viko wapi!

Jumapili, 10 Novemba
Siku ya jaribio. Tuko watatu ndani ya gari la Bwana Grummitt. Kaanza Hilary. Barabara ya Mfereji kasema, kwa sauti yake ile ya kanisani, "Hakuna kitu mbele. Naendelea kutazama." Kila nusu maili, hivyo hivyo. Nikacheka moyoni. Lakini Bwana Grummitt anaitikia kwa kichwa. Na mzee wangu hakutokea, wala mbwa. Siku unayowataka!

Zamu yangu. Hakuna kitu. Jasho. Kwenye kioo namwona Hilary nyuma anatabasamu. Mdomo ukafunguka wenyewe: gari dogo la njano, limeingia mfereji, magurudumu juu.

Bwana Grummitt akaniamuru nisimame. Tukashuka, tukatazama. Maji na matete tu. Hilary akaniuliza taratibu, "Avril, mpenzi, la njano kama langu?"

Nikasema ni mwanga wa jua. Jua lenyewe hatujaliona tangu Oktoba.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimempigia Hilary asiendeshe gari. Kauliza kwa nini. Nikasema nimeota. Kasema mimi nataka tu akose kikao cha chama kesho, kile cha kutoa nafasi, kakata simu.

Namsema Hilary kila siku, lakini simtakii maji ya mfereji. Nikaenda kulekule, nikashusha kioo, nikatangaza mpaka koo likauma: dereva ametoka, mzima, amesimama ukingoni, analalamika. Nimerudia mara tisa.

Ile ya tisa, kitu ndani ya matete kilirudia pamoja na mimi. Kwa sauti yangu.

Jumanne, 12 Novemba
Saa tatu asubuhi Hilary kaingia mfereji. Magurudumu juu. Nilipofika, yuko ukingoni, amelowa mpaka kiunoni, mzima, analalamika. Anasema alikuwa anamkwepa mbwa wa miguu mitatu. Nikakaa kwenye nyasi nikalia. Watu wakasema Avril ana roho nzuri.

Nafasi kapewa Hilary. Bwana Grummitt kanivuta pembeni. Kasema lile shamba la mzee wa baiskeli alikwenda kuliangalia, halina hata njia ya kuingilia. "Bi Avril, pasipo na kitu, sema hakuna kitu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikamwambia nimeelewa. Nimeelewa kabisa.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimeamua! Nafanya ule mtihani wa juu zaidi. Kule unatangaza saa nzima, kwa hiyo mazoezi lazima.

Asubuhi nilikwenda Barabara ya Mfereji. Nilianza vizuri: hakuna kitu, naendelea kutazama. Maili mbili nzima. Maneno ya upweke hayo, jamani. Nikawaza, kosa langu lilikuwa kutangaza mabaya. Mtu akitangaza kizuri, ubaya uko wapi? Basi nikatangaza mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, koti zuri la bluu, viatu vinang'aa, hana mke, gari limemharibikia, anasubiri mama mchangamfu ampe lifti.

Nikageuza gari mwisho wa barabara, nikarudi. Yupo. Koti zuri, viatu vinang'aa. Kanipungia mkono.

Nilipomkaribia ndipo nikagundua nilichosahau. Uso sikuutangaza.

Si neno. Nilimfungulia mlango, akaingia. Yuko jikoni sasa, amekaa mbele ya chai asiyoweza kuinywa, ametulia kabisa. Nitamtangazia vilivyobaki kimoja kimoja.

Naanza na masikio.