Jina Langu Redioni

Jumatano, 5 Juni 1957
Makambako. Baridi ya kukata masikio. Mzee Anania, baba yake Dorika, kasema wazi: binti yake haolewi na mtu anayekuna kamba juu ya sanduku la chai. Sanduku! Ile ni besi, na mpiga besi bora toka hapa hadi Njombe ni mimi. (Mwingine sijamsikia.) Mwishowe kalegeza: akisikia jina langu redioni, atapokea posa. Na kesho gari la redio linakuja kurekodi bendi yetu. Nimeshaoa!

Alhamisi, 6 Juni
Mpango: kupenyeza salamu ya Kibena kwenye maikrofoni, Wabena wote wajue Gideoni yuko hewani. Leo besi, kesho utangazaji. Kefa, mpiga gita wetu, akasema nitaharibu. Wivu! Fundi wa redio, mtu wa Pwani, akaninyooshea kidole akauliza kitu. Sikumsikia, nilikuwa nakaza kamba. Nikajua ndiyo ishara. Nikanguruma: Kamwene! Akashukuru, akaandika. Kumbe salamu zetu wanaziandika! Nilivimba kwa fahari hadi koti likabana.

Jumamosi, 8 Juni
Njombe, kwa kina Dorika. Watu wamejaa dukani penye redio. Mtangazaji akataja: gita, Bwana Kefa, besi, Bwana Kamwene. Loo! Duka zima kicheko. Bibi mmoja akaitikia salamu. Mzee Anania akauliza Gideoni yuko wapi. Nikasema Kamwene ndiye mimi. Akajibu yeye ni mzee wa usharika, alikuwepo nikibatizwa, na jina hilo halikutajwa. Hakuna posa. Roho imeniuma, jamani. Nampenda yule msichana.

Jumatatu, 10 Juni
Maajabu! Bado niko Njombe, na tangu asubuhi kila mtu ananiita kwa jina la redioni. Mama mwenye kuni: Kamwene! Wazee wa kijiji cha Kichiwa waliokuja sokoni, hata redio hawana: Kamwene! Dorika akasema wananisalimu tu, kama siku zote. Maskini, hajazoea kuwa na mtu mashuhuri. Nikaenda kwa baba yake, besi mgongoni. Yuko mlangoni na wazee wenzake wawili. Sijafungua kinywa, akatamka mwenyewe: Kamwene! Nikaketi, nikamwomba ataje siku ya harusi. Kanitimua kwa fimbo ya mwanzi hadi barabarani, na besi imetoboka. Si neno. Jina kalitamka mbele ya mashahidi. Kesho naenda kupimwa suti.