Rupia Zangu Ndani ya Mupira wa Kinga

Leo nimeaibika kwa wakwe, tena jikoni kwao. Rafiki zangu wa Shabunda, afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe, kabla dereva wa lori hajafika kwenu na kuongeza chumvi.

Munanijua. Nilitoka Mumosho na kikapu cha mihogo kichwani, miguu mitupu. Masomo yangu yaliishia siku padri aliposema nitafaa zaidi kulisha nguruwe zake. Leo niko na duka langu la kutengeneza kinga, hizi baisikeli, hapa Kadutu, na hata karani wa Wazungu, baisikeli yake ikitoboka, ananiita patron. Sijisifu. Nasema tu vile iko.

Tangu zamani ninakusanya rupia za feza, zile za Wadachi, zenye kichwa cha mufalme wao mwenye masharubu. Noti inaoza, panya anaikula. Feza haiozi. Lakini unyevu wa Bukavu munaujua, hata chumvi inalia. Basi nikafanya akili ya fundi: kila rupia nikaifunga ndani ya kipande cha mupira wa kinga, nikakaza vizuri, nikatia mu kopo, kopo chini ya kitanda. Maji haiingii, panya haiumi. Nikajisemea: Anselme, banki haina akili hii.

Moja tu niliiacha nje, mu kitambaa, ndani ya mufuko wa koti. Hiyo ni ya kuonyesha watu. (Kama una mali na huionyeshi, una nini?)

Sasa kijana wangu Deo anataka kuoa Veneranda, binti wa kijiji cha Miti. Ng'ombe tulishatoa. Ilibaki asante ya mama wa binti, rupia za feza za kuvaa shingoni. Siku ile ya kuitikia ombi, kasiksi yao ya ndizi ilinipanda kichwani, nikatoa ile rupia ya mufukoni nikawaambia: "Zote ziko hivi. Mutanyoa ndevu mukijitazama ndani yake." Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Leo tukafika Miti. Mimi na koti, kravati, kofia. Muke wangu, Mama Deo, akaenda kukaa na wanawake. Mukeka ukatandikwa. Muzee Gervais, baba mukubwa wa binti, ndiye anasemea ukoo wao.

"Basi, Papa Anselme," akasema, "tuletee kile kioo cha kunyolea."

Nikatoa kisu, nikakata mupira wa kwanza. Nyumbani sikuwa nimefungua hata moja kuangalia. (Fundi haangalii kazi yake mara mbili.)

Nyeusi.

Nikakata wa pili. Nyeusi kama matako ya sufuria ya maharagi. Wa tatu niliufungua polepole, vile mutu anafungua mulango wa chumba cha mugonjwa. Nyeusi.

Justine, shangazi wa binti, akaokota moja, akainusa. "Inanuka kinga," akasema. "Tonton, umetuletea vifungo vya koti ya matanga?"

Watu wakacheka. Mimi mbio nikatoa ile ya mufukoni, inang'aa. "Tazameni! Hizi zote ni ndugu yake."

Hapo ndipo nilijimaliza. Muzee Gervais akaweka nyeupe na nyeusi pamoja kwenye kiganja, akatazama, akatikisa kichwa. "Sasa nimeelewa. Hii moja iko feza. Hizi zingine ni madini ya risasi tu. Binti yetu haendi kwa risasi."

Deo alikuwa karibu na mulango. Akaniangalia vile mutoto anaangalia baba yake aliyelewa kanisani.

"Ni uchafu tu," nikasema. "Zioshwe."

"Osha," akasema Muzee. "Majivu iko jikoni."

"Wanawake wenu hawawezi…"

"Wetu hawagusi. Kesho utasema tumezibadilisha."

Desturi munaijua. Baba wa bwana arusi hata kutazama upande wa jiko la wakwe ni aibu, sembuse kuingia. Na Deo angekutana humo na mama mukwe wake, mbaya zaidi. Basi nikainama nikaingia. Kofia ikabaki kwenye muti wa mulango.

Nikapiga magoti. Majivu, maji kidogo, nusu ya ndimu, kipande cha gunia. Kravati ikaingia mu beseni, nikaitupa mugongoni. Nikasugua. Jasho ikitoka, napangusa uso kwa mukono ule ule. Kidogo kidogo weupe ukaanza kutoka, halafu sikio la mufalme, halafu masharubu yake. Furaha ikanishika. Nikaibusu ile rupia. "Karibu tena, masharubu yangu," nikaiambia.

"Pole na kazi, Papa."

Maman Philomène, mama wa binti, mwenyewe. Yule ambaye nilipaswa kumupisha njia kwa heshima. Nyuma yake wanawake wote, na Mama Deo katikati. Nikashika lungo la kupepetea, nikajifunika uso. (Tumbo langu halifunikwi na lungo moja. Hilo nimelijua leo.)

Wakacheka mupaka kuku wakatoka nje.

Maman Philomène hakunisemesha tena moja kwa moja, mama mwenye adabu. "Justine," akasema, "umuambie huyu papa wa nyuma ya lungo kwamba feza nimeiona. Na umuambie kaka yako Gervais: nyumba ambayo wanaume wanasugua namna hii, mutoto wangu hatachoka. Aende."

Imekwisha. Muzee akazigonga moja moja kwenye jiwe, akasikiliza, akakubali. Ndoa ni baada ya Pasaka. Kasiksi ikaja, nikapewa kiti kikubwa, uso bado na majivu.

Njiani nikafikiri. Ya kitambaa ilibaki nyeupe, za mupira ziliungua. Kosa si la feza, ni la mupira. (Na la mwenye mupira, lakini hiyo tuiache.) Zilizobaki mu kopo nimeshazihamishia kwenye kitambaa cha pamba.

Tumefika nyumbani na Mama Deo. Amepika, tumekula vizuri, halafu sufuria ameileta hapa pembeni ya kiti changu, na majivu juu ya sahani. Anangoja. Nyinyi mukikutana naye, musimupongeze kwa kupata bwana wa kusugua.