Maji Yenu ya Moto Yameniharibia Ugomvi

Buyenzi, Bujumbura

Kwa Bwana Sylvère, Meneja,
Nyumba za Wageni Akariba,
milimani, juu ya barabara ya Rumonge

Bwana Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ndege wako wa huko milimani. Mimi ni Khadidja, mshonaji wa hapa Buyenzi, yule mama wa kitenge cha njano aliyelala kwenye kibanda chenu cha mianzi mwezi uliopita pamoja na dada yake. Naandika kwa heshima zote kukulalamikia. Mmeniharibia ugomvi wangu.

Usicheke, tafadhali. Ugomvi wenyewe haukuwa wa mchezo. Miaka minne iliyopita mama yetu alifariki asubuhi, na sisi Waislamu hatumchelewishi maiti, tukamzika alasiri. Dada yangu Asiya alikuwa Kigoma kwenye biashara zake, na boti lake likafika bandarini kesho yake. Akaingia matangani, akaniambia mbele ya wanawake wote: "Khadidja, ulikuwa na haraka gani na mama yangu?" Mama yangu, alisema, kana kwamba mimi niliokotwa. Tangu siku ile sikumsemesha tena. Najua dini hairuhusu kununiana zaidi ya siku tatu, lakini jirani yangu Amira alikuwa anapanda Gihosha kwa Asiya na kushuka na salamu zetu, kwa hiyo hesabu ilikuwa inaanza upya kila mara. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa.

Ndipo Houda, binti wa kaka yetu, akanialika nikapumzike kwenu. Kumbe na Asiya kamwalika, kila mmoja kwa siri yake. Akatushusha mlangoni penu, akatuambia sisi shangazi zake, "Tantine, narudi kesho kutwa," akageuza gari. Huyo nitashughulika naye mwenyewe. Ninayowalaumu ninyi ni haya:

1. Simu zetu mlizitia kikapuni pale mapokezi, eti mgeni asikilize mazingira. Mazingira yenyewe niliyasikia vizuri sana: yalikuwa ni Asiya anayepumua. Mtu aliyenuna anahitaji simu, Bwana Meneja. Bila simu macho atayaweka wapi?

2. Taa moja, kitanda kimoja, chandarua kimoja, na ndoo moja ya kuoga watu wawili. Mkasema ndiyo kutunza dunia. Nikatafuta mtu wa kutupelekea maneno, kama tulivyozoea, lakini wafanyakazi wenu walikuwa wameshateremka kijijini. Ikabidi nimtumie chura aliyekaa kizingitini. "We chura, mwambie uyu mama asivute chandarua yote." Asiya naye akaigeukia taa: "We taa, mwambie mi sijavuta kitu. Ni yeye ndo amenona." Mtu wa umri wangu natukanwa kupitia taa, na taa yenyewe ya sola!

3. Choo. Sitaki kuandika mengi. Nakubali kwamba yale majivu yanaondoa harufu kuliko nilivyotegemea. Lakini mlango uko wapi? Mmeweka pazia la matete, na mbele yake bonde zima, na njia ya watu wanaokwenda shambani. Lazima mwenzako asimame nje apige kelele "Kuna mutu!" Na mwenzangu alikuwa mmoja tu. Nimepita harusi na Idd zote bila kumwomba kitu yule mwanamke, lakini tumbo halina subira. Alisimama. Alipiga kelele hata pale ambapo hapakuwa na mtu anayepita, na sauti yake ilikuwa na furaha.

4. Kama yangeishia hapo ningenyamaza. Lakini kuna yale maji. Saa ya wanawake mkatupeleka kwenye chemchemi, maji yanatoka kwenye mwamba yakiwa ya moto, hakuna aliyeyachemsha, na dimbwi lenyewe halizidi sebule yangu. Ukiingia mwili wote unalegea, pamoja na uso ulioukunja. Asiya akaona siufikii mgongo wangu. Akaanza kuusugua kwa kiganja, bila kuombwa, kama Mama alivyokuwa akitusugua Ijumaa. Kisha akaniuliza akiwa nyuma yangu, bila kupitia kwa chura: "Mama alisema nini mwisho?"

Nikamwambia. Mama alisema Asiya afunikiwe chakula, maana akishuka kwenye boti huwa na njaa. Na mimi nilikifunika, Bwana Meneja, wali na ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, siku ya mazishi, katikati ya vilio vyote vile. Alipoingia na maneno yake nikakitoa nikampa mtu mwingine. Kiliniuma kuliko maneno yenyewe. Tukalia ndani ya maji yenu, mpaka yule bibi wa taulo akaja kuuliza kama yamezidi moto.

Sasa tazama hasara. Amira hana tena safari ya Gihosha. Watu wa mtaani waliokuwa upande wangu wananiuliza wamnunie nani. Mama Karimu, ambaye alimnunia Asiya kwa ajili yangu tu, amezoea, hajui aanzie wapi kuacha.

Kwa hiyo naomba mvute umeme. Kila kibanda kiwe na televisheni, iwake hata kama haitazamwi. Vyoo viwe na milango ya chuma. Maji yapozwe. Awekwe mfanyakazi wa kupeleka maneno, alale hapohapo katikati ya wageni. Na mniandikie karatasi yenye muhuri, niibandike mlangoni kwangu, iseme kwamba Khadidja hakushindwa, alizidiwa na maji, na aliyeanza kusema ni Asiya.

Msipofanya hivyo nitapanda mpaka Kiriri kwa wakubwa wa serikali. Nyumba za namna hii zikienea, nchi itabaki bila watu walionuniana, na bashingantahe wetu, wazee wanaotupatanisha, watakaa bure na fimbo zao.

Nisalimie bibi wa taulo, wapishi, walinzi na mkeo. Chura sina salamu zake.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Khadidja

N.B. Asiya amekuja kunywa chai, akaichukua barua hii, akaisoma yote kwa sauti. Kwa hiyo umeme msivute. Televisheni msilete. Maji yaacheni kama Mungu alivyoyaweka. Karatasi ya muhuri pia basi, maana mtaa mzima nimeshauambia mwenyewe. Tunaomba tu kibanda kilekile baada ya Idd, na kitanda kiwe kimoja, kwa sababu kwenye maongezi yetu tulikuwa tumefika kwenye harusi yake tu, na tangu hapo kuna mengi. Asiya anataka niongeze kwamba usiku ninakoroma. Ni uongo. Usijisumbue kumjibu, ninamjibu mwenyewe sasa hivi.