Ombi la Kumsajili Mama Kuwa Gari

Ndugu Mhariri wa jarida la kanisa letu,
Durban.

Salamu zikufikie wewe na mama watoto. Mimi ni Honoré, yule anayeimba besi bila kualikwa. Ninapakua makontena katika ghala moja huko Clairwood, na ni mtu mtiifu: sijawahi kupita robot, ile taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, hata kwa miguu. Nakuomba uchapishe malalamiko haya, kisha uyatafsiri kwa kile Kiingereza chako kinachovaa tai, ili yafike ofisi ya mipango miji ya eneo letu.

Shida ni makazi ya mama yangu, Mama Marcelline. Anaishi kwa dada yangu Albert Park, ghorofa ya nane. Lifti ilikufa, magoti ya mama yakaifuata. Tangu Pasaka hajashuka. Ibada anaifuata kwa simu, na jua analiona likiingia kwa majirani. Kila nikimtembelea ananiambia neno moja: “Honoré, munishushe chini, nikanyage udongo mbele ya kufa.” Ndugu Mhariri, neno hilo linaniuma sana.

Mimi na mke wangu Aurélie tunacho kinyumba chenye ua mdogo. Tukaagiza nyumba ya kiwandani, chumba kimoja na choo, ile inayoletwa na lori ikiwa imekamilika na kuwekwa uani. Ofisi imekataa. Yanayonikera ni haya:

1. Wamesema kiwanja ni kidogo mno kubeba nyumba mbili. Sibishi. Bwana mkaguzi alipima kwa futi, na futi haina undugu. Lakini mama naye ni mdogo. Tangu aanze kuugua amepungua hata vitenge vyake vinamzunguka mara mbili. Ningependa kujua kwa nini walipima kiwanja bila kumpima mama.

2. Wamesema nyumba inayokuja kwa lori si nyumba, ni kitu cha muda. Katika mji huu sijaona kisichokuja kwa lori. Vigae vya ofisi yao nadhani nilivishusha mimi. Ikiwa kuja kwa lori kunakifanya kitu kiwe cha muda, basi nusu ya waumini wetu ni wa muda, maana tulivuka mipaka tumekalia mizigo ya watu, na leo watoto wetu wanaota kwa Kizulu.

3. Hili ni la lugha. Kumbe sheria inaruhusu kijumba cha uani kikiwa cha mzee wa familia. Aliyenieleza ni rafiki yangu Chacha, Mtanzania ambaye bado ni mgeni hapa. Alisema sheria inaitambua “nyumba ya bibi”. Kwao bibi ni mama wa mzazi wako. Kwetu Kongo bibi ni mke. Nilishangaa serikali kutaka bibi yangu alale uani, lakini sheria haibishaniwi. Nikaandika kwamba atakayeishi humo ni bibi yangu, Aurélie. Siku mkaguzi alipokuja nilikuwa kazini, nikamwachia Chacha ukalimani. Mkaguzi akauliza yuko wapi gogo, kwa kuwa Wazulu mwanamke mzee humwita gogo. Chacha akamjibu kwa fahari kwamba hakuna gogo hata moja, wala ubao. Nyumba nzima ni bati na chuma. Mkaguzi akaandika kuwa mzee hayupo, na kwamba mume na mke wanatengana.

4. Kwa uamuzi huo, ndoa yangu imevunjwa na mipango miji. Wazee wa kanisa walikuja kutupatanisha, wakala kuku, wakatuombea. Tulipowaambia hatujagombana, walisema ndoa zote zinazokufa huanza kwa maneno hayo. Sasa Aurélie ananiuliza kama kuna jambo mkaguzi analijua ambalo yeye halijui. Eish! Zamani hatukuwa na ugomvi, huu tumeletewa.

5. Nimeisoma sheria upya. Kwenye kiwanja hiki hiki ninaruhusiwa, bila kuulizwa swali, kujenga gereji ya magari mawili. Gari sina hata moja. Mama ninaye. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sheria haina kosa. Mwenye kosa ni mama, aliyezaliwa mtu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mama asajiliwe kuwa gari. Wahenga walishasema mama ni mama hata akiwa rukwama, na kutoka rukwama hadi gari si mbali. Yuko tayari kufungwa namba mbele na nyuma na kupelekwa kukaguliwa kila mwaka. Taa moja haioni vizuri, na kwenye mlima anatoa sauti, lakini hatoi moshi. Nitamwegesha katika gereji yenye kitanda, dirisha na choo, vitu ambavyo sheria haijamkataza gari kuwa navyo. Na kwa kuwa gereji ni ya magari mawili, nafasi ya pili abakiziwe Aurélie, maana serikali imekwisha kumhamisha.

Nisalimie kwaya yote, Mama Pasta, wauza simu wa Greyville, na vijana wa Albert Park wanaompandishia mama maji. Chacha naye mwambie nimemsamehe, ila asikalimani tena.

Ni mimi, mtoto wa gari mtarajiwa,
Honoré

Baada ya sahihi: Usiichapishe. Barua ikiwa bado mfukoni, alikuja mkaguzi mwingine, Aurélie akamwonyesha picha ya mama, mambo yakawa sharp. Kibali kimetoka, lori limekuja, na mama amekanyaga udongo. Alivua viatu akalia, nami nikalia. Badala yake chapisha hili: jirani yetu Ndikumana ameniletea karatasi nisaini kwamba sipingi naye aweke nyumba kama yetu uani kwake, kwa ajili ya mama yake. Nimekataa. Viwanja vya mtaa huu ni vidogo, na vijumba vya kiwandani vinashusha hadhi ya nyumba za watu. Mama yake anaishi jengo lile lile la Albert Park. Ndiye aliyekuwa akigonga ukuta kila asubuhi ili ajue kama mama ameamka. Mama ameniomba nisaini. Nimemweleza kwa upole kwamba yeye hajui mambo ya viwanja.